Resori ya motokari yetu na mifuko 13 iliyolala njiani

Wandugu wakulima, tangu mavuno yaliyopita tumeulizwa mara mingi na vyama vingine vya hapa Kalehe: juu ya nini motokari yenu ilisimama wiki mbili katikati ya kahawa? Na juu ya nini sasa iko inabeba mifuko 14 tu, wakati zamani ilibeba 22? Wengine walisema feza ya kese iliisha. Wengine walisema shoferi alikuwa amekunywa. Haiko hivyo. Tumeona muzuri tueleze mambo yote namna yalivyopita, pamoja na makosa yetu siye wa komite, kwa sababu koperative nyingi ziko na pikapu kama ile yetu, na zinapanda milima kama ile yetu.

Motokari yenyewe ni Toyota Hilux ya kabini moja, ya mazutu. Tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika na watu wengine. Kazi yake ni kuteremusha serizi za kahawa kutoka vituo vitatu vya mulimani mpaka stesheni ya kuoshea, chini karibu na ziwa. Mukulima wa kahawa hatuna haja ya kumufundisha: serizi iliyochumwa asubuhi inapaswa kutolewa ganda siku ile ile. Ikilala ndani ya mufuko inapata moto, inaanza kuchacha, na mutu wa kuonja kahawa atasikia ile harufu hata ukiiosha mara tatu. Kwa hiyo kwetu siye motokari haiko kitu cha heshima ya chama. Iko sehemu ya mashine ya kutoa maganda, ni vile tu inatembea.

Siku ya ine moja ya mwezi wa ine, saa kumi ya jioni, iliondoka kituo cha juu na mifuko 22. Juu ya mifuko walipanda watu sita, na mama mumoja kati yao alikuwa na mutoto mugongoni. Kwenye muteremuko wa pili, pale maji ya mvua yamekata njia katikati, tulisikia mulio mumoja mukali. Vijana wawili waliruka chini na kulala kwa majani. Kwetu mulio wa namna ile hakuna mutu anangoja kuuliza ni nini. Lakini haikukuwa bunduki. Ilikuwa lami kubwa ya resori ya nyuma, upande wa kushoto, iliyokatika karibu na jicho lake la mbele.

Wenye kujua motokari wataelewa. Resori ya nyuma ya Hilux ni lami za chuma zilizopangwa moja juu ya ingine. Ile ndefu kuliko zote iko na macho mawili, moja mbele, moja nyuma, na kwa yale macho njo inashikwa kwa chasi. Zile lami zingine zinaisaidia tu kubeba. Sasa ile kubwa ikikatika mbele, ponti inakosa kitu cha kuishika upande ule. Ilirudi nyuma, mupira ukagusa bodi, ukaanza kutoa moshi, na motokari yote ikageuka kuelekea korongo. Shoferi alishika freni polepole, akaipeleka kwenye ukuta wa udongo, upande wa mulima. Kutoka gurudumu la kuume mpaka ukingo tulipima kesho yake: mita tatu na kidogo.

Watu wote walishuka wazima. Mutoto aliamuka akalia, akalala tena.

Vijana walibeba serizi kichwani mpaka usiku. Mifuko 9 ilifika stesheni. Ile 13 ililala njiani, na asubuhi tulipoifungua, moto wake ulitoka kama wa chungu. Mufuko mumoja wetu uko na kilo kama 65, basi ni kilo 845 za serizi. Kwa kawaida kilo 5 za serizi zinatoa kama kilo 1 ya parche. Hesabu mwenyewe: kilo 169 za parche ambazo haziwezi tena kuuzwa kama kahawa ya kuoshwa, zilienda kwa bei ya chini kabisa. Na kwa sababu serizi zilikuwa zimekwisha kupimwa na bono kuandikwa, hasara haikukuwa ya mutu mumoja. Ilitoka kwa risturni ya memba wote. Kuna wamama ambao kwa ile risturni walikuwa wamehesabu minervali ya watoto.

Kwa asamble ya siku ya posho watu walikuwa na hasira. Wengi walitaka shoferi afukuzwe palepale. Prezida wetu hakumutetea, na siye wengine wa komite tulinyamaza. Shoferi alisimama, hakusema maneno mingi. Alitoa kayee yake ya mazutu, ile tunatia sinyatire kila juma. Akaomba sekretere asome mbele ya watu. Mara ya kwanza, mwezi wa pili: «nyuma kushoto iko inalia.» Mara ya pili, juma tatu kisha: «nyuma kushoto inalia, bodi imeinama.» Mara ya tatu, siku 10 mbele ya kuvunjika: «ninaomba fundi aangalie resori.» Chini ya kila ukurasa kulikuwa sinyatire ya watu watatu wa komite. Tulikuwa tunaangalia litri tu.

Hakuna aliyesema tena juu ya kumufukuza.

Na kulikuwa jambo lingine tulilotaka kuficha. Mwaka uliopita lami moja, ya tatu toka juu, ilikwisha kupasuka. Tulipeleka motokari kwa garaje moja, wakapiga sudire, tukalipa kidogo, tukafurahi. Fundi tuliyemwita safari hii, muzee mumoja aliyetengeneza malori miaka mingi, alipofungua resori alitia kidole kwa ile sudire akacheka bila furaha. Alitueleza: chuma cha resori kimechomwa na kupozwa kwa namna ya pekee ili kijikunje na kurudi. Ukikitia moto wa sudire, pale pembeni ya mustari kinakuwa kigumu na kavu kama kigae, na mbele kidogo kinakuwa laini. Kitavunjika tena, haiko pale pa sudire, ni pembeni yake. Na kweli ilikuwa imevunjika pale pembeni, hatukujua tangu lini. Lami ya tatu haikubeba tena kitu, uzito wote ukaendea ile kubwa. Sudire ya bei rahisi njo ilikata lami ya kwanza.

Tulimuomba atufundishe namna ya kuangalia bila kufungua kitu, kwa sababu fundi hakai mulimani na siye. Alituzungusha motokari yote mbele ya kugusa kle hata moja.

Kwanza, alisema, iweke tupu mahali pa sawasawa, rudi nyuma hatua kumi, uiangalie kama unavyoangalia ngombe wa kununua. Ikiinama upande mumoja, resori ya upande ule imechoka ao imevunjika. Kisha lala chini na brosi ya chuma. Matope yanaficha mingi. Lami yenye ufa inaonyesha mustari mwembamba wa kutu, mwekundu, hata pale chuma kingine ni cheusi. Angalia kama lami moja imeponyoka pembeni ya wenzake. Hapo buloni ya katikati, ile inazishika zote pamoja, inaweza kuwa imekatika. Buloni ile ikikatika ponti inateleza, na motokari inatembea upande upande kama kaa wa ziwani, mutu wa nyuma anaona magurudumu ya nyuma hayafuate ya mbele.

Silambloki, ile kauchu ndani ya macho ya resori, ikiisha chuma kinagonga chuma. Ule njo mulio shoferi alikuwa anaandika. Tia chuma kirefu kati ya jicho na chasi, sukuma: ikicheza sana, kauchu imekufa. Amortiseri nayo unaiangalia kwa macho: ikiwa imelowa mafuta na vumbi limeshikamana, imepasuka ndani. Sukuma kona ya motokari kwa nguvu na uache. Inapaswa kupanda, kushuka na kutulia. Ikiendelea kucheza kama kitanda cha hoteli ya bei rahisi, amortiseri haifanye kazi. Tena pitisha mukono juu ya mupira wa gurudumu; ukisikia mabonde na vilima, mupira ulikuwa unarukaruka njiani, haukukanyaga muzuri.

Kwa magurudumu ya mbele alikuwa mukali zaidi. Mbele kuko rotuli, na rotuli ya chini ikitoka gurudumu linalala chini palepale, hata ushike usukani namna gani. Hapo hakuna kusema tutafika. Aliinua mbele kwa kriki, akatia vyuma vya kusimamishia chini ya chasi, akashika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Likicheza hivyo, ni rotuli ao rulema. Akalishika kushoto na kuume, akatikisa tena. Mchezo wa hapo unatoka mara nyingi kwa vyuma vya usukani. Zetu zilikuwa nzima. Tulipumua.

Basi kukawa kununua. Hapa tulikosa tena, na tunasema ili musikose kama siye. Fundi aliandika karatasi: resori mbili za nyuma, kushoto na kuume, bridi ine na ekru zake, silambloki zote za nyuma, amortiseri mbili za nyuma. Mweka hazina wetu aliuliza, juu ya nini mbili, na ya kuume haijavunjika? Ni swali la haki, feza ni ya watu. Jibu ni hili: resori ya zamani imelala, mupya imesimama. Ukitia mupya upande mumoja, motokari itainama upande mwingine, na uzito utaendea ile mupya peke yake. Amortiseri vilevile, zinabadilishwa mbili mbili. Ikiwa feza haitoshi kabisa, alisema fundi, nunua resori mbili za okazioni zenye hali moja, zilizotoka kwa motokari moja, kuliko mupya moja.

Tulifanya hivyo kwa resori. Tulipata za okazioni Bukavu. Tulizipanga mbili pamoja chini ili kulinganisha kimo cha mukunjo wake, tukazipiga brosi moja moja, tukagonga kila lami kwa nyundo na kusikiliza. Lami nzima inalia kama kengele. Yenye ufa inatoa sauti ya debe. Muuzaji hakufurahi, lakini alingoja.

Kwa silambloki tulienda haraka. Duka moja muji lilitupa zenye karatasi ya kungaa, bei ilikuwa nusu ya zingine. Kucha haikuingia hata kidogo, zilikuwa ngumu kama kisigino cha kiatu cha plastiki. Juma tatu zilipasuka, tukanunua zingine, tukalipa kazi mara ya pili. Kauchu ya muzuri inakubali kucha na inarudi.

Bridi za zamani zilikuwa bado zinaonekana nzima, na vijana walitaka tuzirudishe. Fundi alikataa. Bridi ikikazwa na kubeba miaka, inavutika. Vidato vyake vinachoka, na haikaze tena kama kwanza. Ni kitu cha bei ndogo kinachoshika ponti yote.

Kazi ilichukua siku mbili. Jioni ya kwanza hakufungua kitu: alimwanga mazutu kwa buloni zote, akaziacha zilale. Asubuhi zile zilizokuwa na kutu ya miaka zilitoka, isipokuwa moja ambayo ilikatwa kwa msumeno. Alitia mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akainua nyuma, akasimamisha chasi juu ya vyuma. Kriki haikutolewa, ilibaki chini ya ponti ili kuishikilia na kuishusha kidogo kidogo. Kijana mumoja aliingiza kichwa chini ya motokari wakati ilikuwa juu ya kriki peke yake. Muzee alimuvuta kwa mukanda bila kusema neno.

Kisha alitoa amortiseri chini, akafungua bridi, akateremusha ponti mpaka resori ikakosa uzito. Hapo alituonyesha mupira mwembamba wa mafuta ya freni: ponti isining'inie kwake, utakatika ao utapasuka ndani pasipo kuonekana. Akatoa buloni ya mbele, akatoa jumeli za nyuma, resori ikaanguka chini kama mutu aliyechoka. Ile mupya ilipanda kwa njia ile ile. Kichwa cha buloni ya katikati kinapaswa kuingia sawasawa ndani ya tundu lake juu ya ponti. Kisipoingia, utakaza bridi muzuri sana na ponti itakuwa mahali pasipo pake.

Kuna jambo moja ambalo hatukulijua hata siku moja, na fundi wengi tunaona hawalifuate. Buloni za macho, zile zinapita ndani ya silambloki, hazikazwe kabisa wakati magurudumu yako hewani. Unazishika tu. Unateremusha motokari, unaitikisa, inakaa kwa uzito wake, njo unakaza kwa nguvu. Ukikaza hewani, kauchu inashikwa ikiwa imelala vibaya; ukishusha inajipinda, na kila mutikisiko wa njia unaipindua zaidi mpaka ipasuke. Tunafikiri zile za bei nusu zingekufa tu, lakini hata za muzuri zinakufa haraka namna hiyo.

Mwisho wa kazi alichukua kamba. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, akafunga fundo, akapima upande wa kuume, usukani ukiwa umenyooka. Fundo lilifika palepale. Ponti imenyooka. Alituagiza kukaza bridi tena kisha safari ya kwanza yenye muzigo, kwa sababu lami zinajipanga na kupunguka. Tulikuta ekru mbili zimeachilia karibu nusu zunguko.

Amortiseri za mbele hakugusa. Kwa Hilux yetu zimezungukwa na resori ya kuzunguka, ile imeminywa na iko na nguvu ya kuua mutu. Inahitaji kifaa cha kuiminya. Tumeona mafundi wengine wakiifunga kwa waya wa senyenge. Yeye alisema hataki kufa kwa ajili ya kahawa ya watu. Zitaenda garaje ya Bukavu.

Ikabaki hesabu ya muzigo, na hapo njo kelele ilianza. Mifuko 22 mara kilo 65 ni kilo 1.430. Watu sita, tuwahesabu kilo 60 kila mumoja, ni 360. Jumla kilo 1.790. Pikapu ya namna ile imetengenezwa kubeba kama tani moja. Shoferi hakuvunja resori, siye tuliivunja, kila siku ya mavuno, kwa sinyatire. Tuliuliza fundi kama tunaweza kuongeza lami mbili za lori, kama wanavyofanya wengine wengi njia ya Nyabibwe. Alisema inawezekana, nyuma haitainama tena. Lakini resori isiyojikunja inapeleka mapigo yote kwa chasi na kwa ponti, na chasi ikipasuka haununui ya okazioni sokoni. Freni nazo zinabaki za tani moja.

Basi asamble iliandika: mifuko 14, watu wawili ndani ya kabini, hakuna mutu juu ya muzigo. 14 mara 65 ni kilo 910. Siku za kahawa nyingi motokari inapanda mara mbili, na mara ya pili inarudi usiku. Mazutu imeongezeka, hatufiche. Tunakata franga kidogo kwa kila kilo ya serizi kwa kese ya motokari peke yake, na mama mumoja asiyekuwa wa komite njo anashika ufunguo wake. Kayee ya shoferi sasa inasomwa kwa sauti kila siku ya kwanza. Wamama wa kituo cha juu, ambao zamani walipanda bure kwenda soko, wanatembea saa mbili kwa miguu. Wanalalamika, na wako na haki. Bado hatujapata jibu.

Namba 14 imeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mulango wa nyuma. Juma lililopita prezida wetu alileta mifuko miwili ya maharagi yake ili ipande juu ya serizi. Shoferi alimuonyesha mulango. Walitazamana kidogo, watu wakiangalia. Maharagi yaliteremuka kesho yake, na serizi zilikuwa 12.